Nzisa na Mchanga wa Saa Sita

Magoti ya Nzisa yalisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Sitii chumvi. Ukiwa jikoni kwetu ungesikia kak, kak, kak kwenye njia ya mawe, na mama yangu, Kasiva, angesema bila kugeuka, "Ongeza maji kwa chai, Nzisa anakuja."

Ni jirani yetu hapa Kathiani. Shamba lake na letu yametenganishwa na ua wa mkonge tu. Hapa nitamwita Nzisa ili hadithi iende, ingawa mbele yake siwezi kuthubutu. Mimi humwita mwaitu, yaani mama, kama anavyomwita binti yake Mutheu. Ana miaka sitini na minane. Miaka kumi na tisa alishona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi katika kiwanda kimoja kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River, mguu wa kulia kwenye pedali kutwa nzima. Alipoacha kazi akarudi nyumbani kulima, akachimba matuta shamba zima kwa mikono yake mwenyewe. Kufikia mwaka wa tatu magoti yalianza kuvimba. Kufikia mwaka wa saba alikuwa akishuka mteremko kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi.

Usidhani alikaa tu akilia. Nyumba ya Nzisa ilikuwa hospitali ya mgonjwa mmoja. Asubuhi alichua magoti kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto kwenye kijiko. Jioni alikaanga chumvi ya mawe kwenye kikaango kikavu, akaimimina ndani ya soksi, akaifunga fundo na kujikanda nayo mpaka ikapoa. Alichemsha shubiri na kuinywa huku amekunja uso. Kulikuwa pia na vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, na unga wa kahawia alionunua siku ya soko kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti, aliyesema unga huo unatibu magoti, mgongo, presha na mikosi. Vyote hivyo Nzisa alivitumia kwa wakati mmoja, na hakuna daktari aliyewahi kuambiwa hata kimoja.

"Ataniuliza nini?" alimwambia mama. "Ataandika vidonge tu. Niko navyo tayari."

Basi mwaka jana, mwanzoni mwa Agosti, alishuka mtoni kuteka maji. Mto wetu ni mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi huoni maji juu; unafukua shimo mchangani, unasubiri, na maji safi yanajaa polepole. Siku hiyo magoti yalimkatalia katikati ya mto. Si kuumwa tu, yalikataa kabisa. Akaketi palepale, jua la saa sita likimpiga utosini, akatupa miguu mbele, na kwa kukasirika akaanza kuuchapa mchanga kwa viganja. Mchanga ukamwagikia miguu. Ulikuwa na moto mtamu.

Hapo ndipo alipomkumbuka bibi yake. Alikuwa mtoto mdogo alipomwona susu, yaani bibi huyo, akirudi kutoka kupalilia, akipita mtoni, akijifukia miguu mchangani na kunusa tumbaku kimya kimya. Nzisa alidhani bibi alikuwa akipumzika tu. Miaka sitini ilikuwa imepita na hajawahi kufikiria jambo hilo tena!

Akachimba kwa mikono. Akaingiza miguu yote miwili, akaifukia mpaka mapajani, akatandaza leso kichwani, akatoa rozari mfukoni. Kufika fumbo la tano alihisi joto limepenya mpaka ndani ya mfupa, mahali ambapo hata soksi ya chumvi haikuwahi kufika. Akajifukua. Akasimama. Akapanda mteremko na mtungi wake mgongoni, uso mbele, si kinyumenyume, na alipofika kwetu alikuwa akihema na kucheka kwa pamoja.

"Kasiva! Kasiva wee! Umesikia nikikuja?"

"La," mama akasema.

"Hujasikia! Hujasikia kitu!"

Maumivu yalirudi usiku huohuo, na Nzisa alikiri hivyo mwenyewe. Lakini masaa sita ya nafuu, kwa mtu ambaye hajayapata kwa miaka, si kitu kidogo. Kesho yake saa nne alishuka na jembe, akachimba mtaro mfupi ili jua liingie tabaka la chini. Saa sita akarudi, akaupima mchanga kwa upande wa ndani wa mkono, jinsi mtu anavyopima maji ya kumwogesha mtoto, akaingia. Akafanya hivyo kila siku isipokuwa Jumapili. Kijiji kikacheka. Mama yangu ndiye aliyecheka zaidi.

"Amejipanda kama muhogo," alisema. "Tungojee tuone kama atachipuka."

Sasa Mutheu. Yeye ni muuguzi katika zahanati moja Mlolongo, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Jumamosi moja alikuja bila kupiga simu. Akakuta nyumba imefungwa, akafuata njia ya mtoni, na kutoka ukingoni akaona nusu ya mama yake. Nusu ya juu. Mwavuli mweusi, leso, kiwiliwili, halafu mchanga.

Mayowe aliyopiga yalifika kwetu. Mimi na mama tulitoka mbio, mama na nyonga yake mbovu, tukadhani kuna aliyekufa.

"Mwaitu! Mwaitu amezama! Jameni, nisaidieni!" Mutheu alikuwa amevua viatu, anateremka kwa makalio.

"Polepole, utanimwagia mchanga kwa macho," Nzisa akamjibu. "Na usinipoteze. Niko fumbo la tatu."

Mutheu alilia, kisha akakasirika, kisha akafanya kazi yake. Alimfukua mama yake, akampapasa nyayo moja moja. "Hapa unasikia? Na hapa? Unajua kama uko na sukari? Mtu wa sukari anaweza kuiva mguu kama mahindi na asijue!" Walipofika nyumbani akafungua kabati. Akapata vidonge. Akapata unga. Akakaa kwenye kiti, ameushika ule unga mapajani, na hapo ndipo Nzisa alipoanza kuogopa.

Jumatatu walienda hospitalini mjini Machakos. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko Mutheu, mwenye sauti ya chini. Aliangalia picha ya magoti, akaeleza kwamba ile nyama laini inayotenganisha mifupa imekwisha kulika, na hairudi. Halafu akauliza swali ambalo Nzisa hakulitarajia.

"Mama, ukiwa nyumbani, wewe mwenyewe unafanya nini yakiuma? Niambie yote. Sitakugombeza."

Nzisa alimwangalia Mutheu, akamwangalia daktari, kisha akafungua mdomo. Alieleza mafuta, chumvi, shubiri, mchanga, vidonge, unga. Anasema alihisi kama yuko kitubioni, tofauti ni kwamba hapa padri alikuwa akiandika. Daktari aliuliza kuhusu tumbo. Ndiyo, tumbo lilikuwa likichoma miezi mingi; Nzisa alidhani ni maharagwe.

"Unga huu sijui una nini," daktari alisema, akiushika mbali na pua. "Wewe hujui. Hata aliyekuuzia huenda hajui. Na umeuchanganya na vidonge vinavyokwangua tumbo. Hivi viwili viache leo. Shubiri pia iache, inakuendesha bure. Mafuta na chumvi, endelea, lakini usijichome."

"Na mchanga?"

Daktari alipima sukari, ilikuwa sawa. Presha ilikuwa sawa. "Sijasomea mchanga," akasema. "Lakini joto nalijua. Likikutuliza ili uweze kufanya mazoezi, mimi sina vita na wewe. Usizidishe nusu saa, kunywa maji, na ukitoka tu, kabla joto halijaisha, kunja na kunyoosha magoti. Misuli ya mapaja ndiyo itakayobeba kazi ambayo magoti hayawezi tena. Na urudi unione."

Nzisa alitoka pale kama mtu aliyepewa cheti. Ndani ya wiki mbili tumbo lilitulia. Ndani ya mwezi alikuwa akiinuka kitini bila kushika meza, na sisi nyumbani tukaacha kujua saa anapokuja.

Hilo ndilo lililomvunja mama yangu ukaidi. Nyonga yake ilikuwa ikimwamsha tangu mwaka ule mvua ilipobomoa jiko. Siku moja alichukua jembe bila kuaga. Nilimwona kwa mbali akishuka mteremko, amejifunika uso kwa kitambaa kama anayekwenda kuiba. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na jembe lake na sababu yake: mgongo, kifundo, goti. Kufikia mwisho wa Septemba walikuwa akina mama kumi na mmoja.

Mutheu aliweka sharti. Hakuna kuingia mchangani kabla ya kupimwa sukari na presha. Alikuja na kipimo chake, akawapanga chini ya ukingo. Nthambi, mmoja wao, aliyekuwa na hamu kuliko wote, akapatikana na sukari ya juu ambayo hakuijua. Alipelekwa kliniki wiki hiyohiyo, akaanzishiwa dawa, na akakatazwa mchanga kabisa. Alisononeka kama mtu aliyefungiwa nje ya harusi. Nzisa akampa kazi: kukaa ukingoni na maji ya kunywa, kuangalia saa, na kumwinua yeyote anayetaka kutoka. Kazi hiyo Nthambi aliifanya kwa ukali wa ajabu.

Lakini hata saa haikutosha. Wakatoliki walihesabu kwa rozari. Mama yangu, ambaye ni Mprotestanti, alisema nyimbo nne zenye beti zote zinatosha kuivisha nyonga. Kwa hiyo mtoni kulikuwa na rozari upande huu na nyimbo upande ule, na kicheko katikati. Hata mzee Masila, aliyechonga mawe Lukenya mpaka mgongo ukapinda, alijichimbia shimo lake nyuma ya jabali, mbali na akina mama kwa heshima, akawa anaitikia nyimbo bila kuonekana.

Ndipo lori likaja.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya Oktoba, shule zikiwa na mapumziko mafupi. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nilikuwa nyumbani, na wakati huo nilikuwa nikiteka maji mita chache kutoka kwao. Tulisikia injini kwanza. Nthambi akasimama ukingoni.

"Lori!" akapiga kelele. "Lori linashuka! Lina watu wa koleo!"

Kila mtu hapa anajua maana yake. Lori moja hufuatwa na kumi, na mto ukishachotwa mchanga unabaki mwamba mtupu. Hapo hakuna maji tena. Kuna vijiji jirani ambako akina mama sasa hutembea nusu siku kutafuta maji.

Lori lilisimama kwenye mchanga wenyewe. Wakaruka vijana sita wenye koleo, na msimamizi wao, mtu mnene mwenye kofia, akashuka kwa upande wa pili. Jina lake tulikuja kujua ni Musau. Alitembea hatua tatu, akasimama. Mbele yake kulikuwa na wanawake kumi wasio na miguu, chini ya miavuli, wakimtazama.

"Habari zenu, akina mama," akasema.

"Nzuri," wakajibu wote.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tuko kwa matibabu," Nzisa akasema.

Vijana wakaanza kucheka. Musau hakucheka. "Sawa. Tunaomba mtupishe kidogo. Tunachota mchanga."

"Tumebakisha nyimbo mbili."

Na huo ulikuwa ukweli, wala hakuwa akifanya ujeuri. Hata kama wangetaka kukimbia, hakuna hata mmoja aliyeweza kujifukua na kusimama chini ya dakika tano, tena kwa msaada wa Nthambi. Musau alisubiri wimbo mmoja. Aliangalia saa, akapiga simu, akaangalia saa tena. Kisha uvumilivu ukamwisha.

"Anzeni pembeni!" akawaambia vijana. "Hao watatoka wenyewe wakiona."

Nzisa akanyoosha mkono. "Barua ya kibali iko wapi?"

"Iko ofisini."

"Basi na mchanga uko ofisini. Nenda ukachote huko."

Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akimjibu hata kondakta, akakumbatia mchanga kwa mikono miwili na kujifukia mpaka kiunoni. Yule wa kando yake akafanya hivyo. Wa tatu, wa nne, mstari mzima! Wakaanza wimbo wa nne kwa sauti iliyogonga kingo zote mbili. Nyuma ya jabali akatokea mzee Masila, suruali imekunjwa mapajani, mchanga ukimdondoka, ameinua fimbo.

"Nani anataka kufukua wake za watu?" akauliza.

Vijana wa koleo walikuwa wamesimama kama milingoti. Ni watoto wa watu, nao wana bibi zao. Mmoja alichoma koleo mchangani, akaegemea, akakataa kumtazama Musau.

Hapo mlango wa lori ukafunguka tena, na dereva akashuka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, jina lake Bonface. Hakushuka kama watu wanavyoshuka. Alishikilia mlango, akateremsha mguu mmoja, akangoja, akateremsha wa pili, mkono mwingine umeshika kiuno. Akaja mpaka alipokuwa Nzisa, akachuchumaa kwa shida.

"Mama," akauliza polepole, "hii inasaidia mgongo?"

Wimbo ukakatika. Nzisa alimtazama jinsi daktari alivyomtazama yeye kule Machakos.

"Uko na sukari?"

"Nilipimwa mwezi jana. Sina."

"Presha?"

"Sina."

"Mgongo umeanza lini?"

"Miaka minane. Ni hii lori. Silali, mama. Nikilala naamka nikiwa nimekauka kama ubao."

"Nthambi!" Nzisa akaita. "Mchimbie huyu. Alale kifudifudi, mchanga wa mgongoni uwe mwembamba, na umwekee leso kichwani."

"Bonface!" Musau akapaza sauti. "Bonface, wewe umeingiwa na nini? Rudi kwa gari!"

Bonface alikuwa ameshavua shati. Alilala. Nthambi akammwagia mchanga kidogo kidogo kutoka mabegani mpaka kiunoni, na sote tukasikia pumzi iliyomtoka, ndefu, kama mtu aliyetua gunia alilobeba toka asubuhi. Nakuambia, mto mzima ulicheka! Vijana walicheka mpaka wakaketi. Lori halikuwa na dereva mwingine, na funguo zilikuwa kwenye mfuko wa mbele wa suruali yake, amezilalia.

Sikungoja zaidi. Nilipanda mteremko mbio, nikamwita naibu wa chifu, nikagonga kila mlango njiani. Tuliporudi tulikuwa zaidi ya arubaini, wengine na mitungi, wengine na majembe, mmoja na kuku aliyesahau kumweka chini. Naibu wa chifu akaomba kibali. Ikabidi kiletwe kwa simu, picha yake, na naibu akaisoma mara mbili kwa sauti: kilikuwa cha mto mwingine kabisa, wa wilaya nyingine.

Bonface alifukuliwa baada ya nyimbo zake nne. Akakunja mgongo, akaunyoosha, kama alivyoelekezwa. Akamshukuru Nzisa kwa mikono miwili. Kisha akapanda lori tupu, Musau amekaa kando yake, na likaondoka likiyumba.

Wiki hiyo wanaume walivingirisha mawe makubwa kwenye njia ile ya lori, na kamati ya maji ikaandikishwa rasmi, Masila akiwa mwenyekiti. Nzisa alikataa uenyekiti. Alisema yeye ni mgonjwa na ana ratiba.

Mvua zilikuja Novemba, mto ukajaa maji mekundu, na mchanga ukafungwa. Nzisa alirudia soksi yake ya chumvi na mazoezi ya kitini, mara tatu kwa siku. Siku za baridi maumivu bado humkamata, na kuna asubuhi ambazo haendi popote. Anaenda kliniki kila miezi mitatu na huandikiwa vidonge vya aina nyingine, vya kumeza akizidiwa tu. Daktari yule amemwomba azungumze na wazee wanaongoja kwenye foleni, awaambie wasifiche wanachotumia nyumbani. Mara ya kwanza alizungumza saa nzima, na muuguzi akalazimika kumkatiza ili wagonjwa waonwe.

Mto ulishuka mwezi wa Januari. Jana nilipita pale saa sita nikawakuta wote mchangani, na ugomvi mkubwa umepamba moto. Mama yangu anataka kufukiwa bega. Nzisa anasema bega liko karibu sana na moyo na haruhusu mpaka Mutheu aulizwe. Mama anasema Bonface alifukiwa mgongo mzima na hakufa. Nthambi ameshapiga simu Mlolongo, ameweka spika, na kila mtu anaongea kwa wakati mmoja.